Kuharakisha NFS katika afisi ndogo: kuanzia kwenye waya hadi kwenye kompyuta ya mtumiaji

Lalamiko huja kwa sura moja tu: "Maalim, faili haifunguki." Mwenye kulalamika hajui, wala si kazi yake kujua, kwamba baina ya kompyuta yake na faili hiyo kuna kadi ya mtandao, waya uliopitishwa darini, swichi, kadi nyengine, programu ya seva, mfumo wa faili na mwisho wake diski, na kwamba ucheleweshaji unaweza kukaa katika chochote kati ya hivyo. Fundi ndiye anayepaswa kujua, na njia ya kujua ni kupima kila kiungo peke yake kabla ya kugusa mpangilio wowote. Nalitanguliza hili kwa sababu NFS (Network File System, njia ya kutumia faili za seva kupitia mtandao kana kwamba zimo katika kompyuta yako) ina machaguo mengi, na fundi hushawishika kuanza nayo kwa kuwa kuandika neno moja katika faili la mipangilio ni kazi nyepesi kuliko kupanda darini kufuata waya.

Ipo na sababu ya pili. NFS ilibuniwa katika kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984, toleo lake la 3 likatangazwa mwaka 1995, na toleo la 4.2 likakamilika mwaka 2016. Umri huo mrefu umeacha nyuma ushauri mwingi uliokuwa sahihi kwa mashine za zamani na ambao mafundi wanaendelea kunakiliana. Bado nakuta kompyuta zilizopangiwa "intr", chaguo ambalo halifanyi kazi yoyote tangu kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux 2.6.25, na "wsize=8192" (ukubwa, kwa baiti, wa kipande kinachoandikwa kwa ombi moja), ambayo inafanya kazi, lakini kazi ya kuharibu.

Mfano nitakaoutumia ni wa afisi inayoskani nyaraka za zamani ndani ya nyumba ya ghorofa mbili Mji Mkongwe. Seva moja ya Linux ipo chini, na juu zipo kompyuta nane ambazo katika lugha ya mitandao huitwa wateja. Ukurasa mmoja wa A4 ukiskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi, kwa rangi kamili na bila ya kubanwa, huzaa faili la takriban megabaiti 100. Kipimo hicho kikumbukwe, kwa sababu ndicho kitakachotuonyesha tofauti baina ya mtandao mzima na mtandao mgonjwa.

Kupima waya

Weka programu ya iperf3 katika seva na katika mteja mmoja. Katika seva andika amri hii:

iperf3 -s

Kisha katika mteja, ikiwa anwani ya seva ni 192.168.10.5, andika hizi mbili, moja baada ya nyengine:

iperf3 -c 192.168.10.5
iperf3 -c 192.168.10.5 -R

Ya kwanza hupima njia ya kwenda na ya pili njia ya kurudi, na zote mbili zinahitajika kwa sababu waya mbovu mara nyengine huumwa upande mmoja tu. Mtandao wa gigabiti 1 ulio mzima hutoa takriban megabiti 940 kwa sekunde, ambazo NFS itazigeuza kuwa megabaiti 110 na kidogo. Ukiona megabiti 94, njia hiyo inafanya kazi kwa megabiti 100, na NFS juu yake haitavuka megabaiti 11 au 12 kwa sekunde, hata uibadilishie mipangilio usiku kucha.

Mimi niliibadilishia jioni mbili. Mteja mmoja katika afisi niliyoitaja, aliye karibu na dirisha linaloelekea baharini, alikuwa akichukua sekunde tisa kufungua ukurasa ambao wenzake waliufungua chini ya sekunde moja, na mimi nilikuwa nimekwisha kuandika upya mstari wake wa fstab (faili linalotaja folda za kupachikwa, yaani kuunganishwa na kompyuta) mara kadhaa kabla ya kufikiri kugawa megabaiti 100 kwa sekunde tisa na kupata 11. Hapo ndipo nilipoandika amri hii, ambayo ingepaswa kuwa ya kwanza (enp3s0 ni jina la kadi ya mtandao):

ethtool enp3s0 | grep -E 'Speed|Duplex'

Jibu lilikuwa 100Mb/s. Nilipochomoa plagi ya waya niliona vipande vyake viwili vya shaba vimeota kutu ya kijani, jambo la kawaida kwa chuma chochote kinachopulizwa na upepo wa chumvi mwaka mzima. Gigabiti 1 inahitaji jozi zote nne za nyuzi zilizomo ndani ya waya, ilhali megabiti 100 zinatosheka na jozi mbili. Kwa hiyo jozi moja ikifa, kadi nyingi hushuka kimya kimya na kuendelea na kazi bila ya kumwambia mtu. Nilikata ncha, nikabana plagi mpya, na tatizo likaisha bila ya NFS kuguswa. Tangu siku hiyo huangalia pia hesabu ya makosa kwa amri ya "ip -s link show", kwa kuwa waya unaokaribia kufa huanza kwa kupoteza pakiti kabla ya kushusha mwendo.

Kuhusu Wi-Fi sina maneno mengi. Kuta za nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake ni adui wa mawimbi. Mteja atakayetumia NFS kwa kazi ya faili kubwa apewe waya.

Wapo wanaopendekeza kupandisha ukubwa wa pakiti kutoka baiti 1500 hadi 9000. Faida ipo katika mitandao ya gigabiti 10, lakini kwa gigabiti 1 ni ndogo, na sharti lake ni kwamba seva, swichi na wateja wote wakubaliane, la sivyo faili ndogo zitapita na kubwa zitaganda. Ukiamua kujaribu, hakikisha kwa "ping -M do -s 8972 192.168.10.5" kwamba pakiti inafika nzima. Katika afisi ya kompyuta nane mimi siigusi.

Kupima diski ndani ya seva yenyewe

Waya ukiwa mzima, ingia ndani ya seva na upime diski bila ya kupitia NFS:

dd if=/dev/zero of=/hifadhi/jaribio bs=1M count=4096 conv=fsync

Neno "fsync" mwishoni ni la lazima, kwa sababu bila yake utapimiwa kasi ya kumbukumbu, si ya diski, na utafurahi bure. Ikiwa mfumo wa faili unabana data wenyewe, kama ZFS inavyoweza kupangwa, kipimo hiki cha sifuri tupu hakina maana, na ni bora kutumia programu ya fio yenye data ya kubahatisha.

Diski ya kuzunguka inaweza kutoa megabaiti 150 kwa sekunde inaposoma faili moja kwa mfululizo. Wateja wanane wakisoma faili nane tofauti kwa wakati mmoja, kichwa cha diski kitalazimika kuruka huku na huku, na diski ya mizunguko 7200 kwa dakika haiwezi kuruka zaidi ya mara 100 hadi 150 hivi kwa sekunde. Hapo kasi huporomoka na lawama huangukia NFS. Wakati wa kazi nyingi endesha "iostat -x 5" katika seva na uangalie safu ya "%util" pamoja na nyakati za kusubiri: diski ya kuzunguka ikikaa karibu na 100 muda wote, dawa ni SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) au kuongeza diski, si mipangilio.

Upande wa seva: nyuzi, na suala la umeme

NFS katika Linux huhudumiwa na nyuzi za kazi ndani ya kerneli, kila uzi ukishughulikia ombi moja kwa wakati. Kwa miaka mingi idadi iliyokuja na programu ilikuwa 8, na matoleo mapya yameiongeza. Isome kwa "cat /proc/fs/nfsd/threads", kisha uibadilishe katika faili la /etc/nfs.conf:

[nfsd]
threads=32

Anzisha upya huduma kwa "systemctl restart nfs-server". Nyuzi 32 zinatosha kwa afisi kama hii. Nyuzi 256 juu ya diski moja ya kuzunguka ni sawa na kuajiri wahudumu wengi katika mkahawa wenye jiko moja: foleni itahama kutoka mlangoni hadi jikoni, na chakula kitatoka kwa mwendo uleule.

Jambo linalostahili kukaliwa zaidi ni chaguo la "sync" na "async" katika faili la /etc/exports, linalotaja folda ambazo seva inawagawia wateja. Kwa "sync" seva haimjibu mteja kwamba imeandika mpaka data iwe imefika kwenye diski kweli. Kwa "async" hujibu mapema, data ikiwa bado katika kumbukumbu. Anayepima ataona "async" inakimbia, hasa katika kuunda faili nyingi ndogo, na atashangaa kwa nini sikuiweka ya kwanza katika mwongozo huu.

Sababu ni umeme. Visiwa vyetu huletewa umeme kutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na wenye umri wa kutosha wanakumbuka jinsi Unguja ilivyokaa gizani takriban mwezi mzima mwaka 2008, na tena kwa takriban miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Lakini giza la miezi si hatari kwa faili, maana seva inakuwa imezimwa kwa utaratibu. Hatari ni kukatika kwa dakika mbili saa nne asubuhi, wakati kompyuta nane zinaandika. Seva yenye "async" ikizimika hapo, imekwisha kuwaambia wateja kwamba kurasa zao zimehifadhiwa ilhali hazimo, na mteja aliyeamini hana sababu ya kuzituma tena. Hakuna onyo litakalotokea; utagundua baada ya wiki, unapofungua faili na kuikuta nusu yake ni nyeusi. Kwa "sync" mteja husubiri, seva ikirudi mteja huituma tena ile sehemu isiyojibiwa, na kazi huendelea. Kwa hiyo mstari wangu ni huu:

/hifadhi 192.168.10.0/24(rw,sync,no_subtree_check)

Baada ya kuuandika, uupitishe kwa "exportfs -ra". Gharama ya "sync" si kubwa kama inavyosimuliwa, kwa sababu tangu toleo la 3 mteja anaweza kutuma vipande vingi bila ya kusubiri kila kimoja kifike kwenye diski, kisha akaomba uthibitisho mmoja mwishoni. Asiyeridhika na kasi hiyo anunue SSD yenye kapasita za kulinda data umeme unapokatika, na aifungie seva UPS (betri ya akiba) iliyounganishwa na programu ya kuizima kwa utaratibu betri inapopungua. Ni fedha, nakubali, lakini kuskani upya sanduku zima la karatasi zinazobomoka mkononi nako ni fedha, na baadhi ya karatasi hazivumilii kuskaniwa mara mbili.

Upande wa mteja

Mstari wa /etc/fstab ninaouanzia ni mfupi:

192.168.10.5:/hifadhi /kazi nfs vers=4.2,hard,_netdev 0 0

Sikuandika rsize wala wsize, yaani ukubwa wa kipande cha kusoma na cha kuandika, na si kwa kusahau. Mteja na seva za leo hupatana zenyewe juu ya kipande kikubwa kadiri iwezekanavyo, ambacho kwa Linux hufika baiti 1048576, yaani megabaiti 1. Ukurasa wetu wa megabaiti 100 husafiri kwa maombi 100 hivi. Aliyeandika "wsize=8192" kwa kufuata ushauri wa zamani amelazimisha ukurasa huohuo upite kwa maombi zaidi ya 12,000. Angalia walichopatana kwa "nfsstat -m", na ukikuta namba ndogo, futa chaguo hilo badala ya kubuni jengine.

Neno "hard" lina maana kwamba seva isipojibu, mteja atasubiri hadi irudi. Wapo wanaoliondoa na kuweka "soft" ili kompyuta zisigande umeme unapokatika chini. Kwa folda ya kuandikia sikubali: "soft" humrudishia programu kosa katikati ya kuandika, na si programu zote zinazojua la kufanya na kosa hilo, hivyo faili linaweza kubaki limeharibika.

Chaguo la "nconnect", lililokuja na kerneli 5.3 mwaka 2019, hufungua njia kadhaa za TCP kwa seva moja, hadi 16. Katika gigabiti 10 nimeliona likisaidia. Katika gigabiti 1 njia moja tu hutosha kuujaza waya. Ukilitumia, kumbuka kwamba folda mbili zinazotoka seva moja hushirikiana njia, na folda iliyopachikwa kwanza ndiyo inayoamua idadi, kwa hiyo liandike katika mistari yote au utadhani halifanyi kazi.

Lipo badiliko moja lililowasumbua wengi bila ya kujua chanzo. Kabla ya kerneli 5.4, mteja wa NFS alikuwa akisoma mbele ya msomaji kwa kiasi cha mara 15 ya rsize. Tangu toleo hilo, kiasi kimeshuka hadi kilobaiti 128. Kwa faili kubwa zinazosomwa mfululizo tofauti huonekana wazi baada ya kuhamia mfumo mpya, huku waya, diski na mipangilio vikiwa vilevile. Tafuta namba ya folda iliyopachikwa, kisha uongeze:

mountpoint -d /kazi
echo 4096 > /sys/class/bdi/0:52/read_ahead_kb

Badala ya 0:52 weka namba iliyotolewa na amri ya kwanza. Thamani hii hupotea folda ikipachikwa upya, hivyo iwekwe katika kanuni ya udev (programu ya Linux inayosimamia vifaa) au katika skripti inayoendeshwa kompyuta inapowaka.

Ikiwa lalamiko ni kwamba programu huganda wakati wa kuhifadhi na si wakati wa kufungua, huenda mteja ana kumbukumbu nyingi na anarundika data ndani yake hadi gigabaiti kadhaa, kisha anaimwaga yote kwa mkupuo faili linapofungwa. Mwekee kikomo katika /etc/sysctl.conf ili aanze kumwaga mapema:

vm.dirty_background_bytes=67108864
vm.dirty_bytes=268435456

Kujua upande gani unachelewesha, tumia "nfsiostat 5 /kazi" katika mteja huku kazi ikiendelea. Safu mbili ndizo za kusoma. "avg RTT" ni muda tangu ombi lilipotoka hadi jibu liliporudi. "Avg exe" unajumlisha na muda ombi lililokaa kwenye foleni ndani ya mteja mwenyewe. RTT ikiwa kubwa, rudi kwenye seva, diski na waya. RTT ikiwa ndogo na exe kubwa, mteja anatuma maombi mengi kuliko njia inavyoweza kuyachukua, na hapo ndipo nconnect au kupunguza mzigo kunapokuwa na maana.

Faili ndogo nyingi

Yote yaliyotangulia yanahusu faili kubwa. Folda yenye vijipicha 20,000 ni ugonjwa mwengine, kwani kila faili huulizwa habari zake kwa ombi lake, na kinachohesabika hapo ni idadi ya safari, si upana wa njia. Gawa folda hiyo kwa mwaka au kwa namba ya sanduku. Faili la zip lenye maelfu ya faili ndani lifunguliwe katika seva yenyewe kupitia SSH (njia ya kuingia seva kwa mbali), si kutoka kwa mteja. Tofauti inaweza kuwa ya dakika dhidi ya saa. Kwa folda ya kumbukumbu zisizobadilika, ipachike peke yake kwa "ro,nocto,actimeo=600", ili mteja aamini alichokijua kwa dakika kumi bila ya kuuliza tena. Usifanye hivyo kwa folda ya kazi za kila siku, maana mwenzako atahifadhi ukurasa na wewe hutauona katika orodha. Kinyume chake, "noac" huondoa kumbukumbu hiyo yote na kukokota kila kitu. Ukiikuta, uliza nani aliiweka na kwa nini. Chaguo la "noatime" upande wa mteja, ambalo hupendekezwa sana, halina athari kwa NFS.

Unguja na Pemba

Mara kwa mara huulizwa kama afisi ya Chake Chake inaweza kupachika folda ya seva iliyopo Mji Mkongwe. Inaweza, na itachukiza. Tuseme safari ya kwenda na kurudi ni milisekunde 20, na kufungua faili moja ndogo kunahitaji safari tatu: faili 1,000 zitakula dakika nzima kabla ya data yenyewe kuhesabiwa, na hakuna rsize itakayofupisha bahari. Weka seva ndogo Chake Chake, wafanyakazi waitumie hiyo kwa waya wao wa ndani, na usiku data ivuke kwa rsync, ambayo hupeleka kilichobadilika tu na inaweza kuendelea na faili lililokatikia njiani:

0 1 * * * rsync -a --partial /hifadhi/ seva-mjini:/hifadhi-pemba/

Mstari huo wa crontab, faili la ratiba za kazi, huendeshwa saa saba usiku. Namba 1 isikuchanganye na saa moja yetu, kwani crontab huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, na nimewahi kukuta kazi kama hii imeandikiwa saa 7 na ikaanza asubuhi, wakati wafanyakazi wanawasha kompyuta zao.